Kitenge, jinzi, sufu au lubugo: kicheza muziki chako ukishonee mfuko wa nini?

Fundi mmoja wa barazani pale Kiyembe, Kampala, ndiye aliyenifunza swali la kwanza la kazi hii. Nilimfikia nikiwa na kicheza muziki changu mkono huu na kitenge mkono huu, rangi nimekwisha kuichagua. Kitenge hakukitazama. Alikichukua kile kidude, akakigeuza mara mbili, akakipima kwa vidole kama mtu anayepima unene wa muhogo sokoni, kisha akauliza:

"Dada, hiki kinalala wapi?"

"Kinalala vipi, mzee wangu?"

"Mfukoni, mkobani, shingoni, au hakitoki nyumbani?"

Nikababaika. Kumbe nilikuwa nimemnunulia nguo ya sherehe mtu ambaye sijui anafanya kazi gani.

Tangu siku hiyo nimeshona mifuko ya namna hii kwa ajili yangu, wadogo zangu na majirani hapa Bombo, na kila anayekuja huja na swali lilelile: kitambaa kipi ni bora? Sijawahi kulijibu. Ninachoweza ni kukuwekea mezani vitambaa vinne ninavyovijua kwa mkono wangu, tuvipitishe kwenye mizani moja, halafu wewe unayejua kidude chako kinalala wapi uchague.

Kabla ya hapo, neno kwa wanaocheka kwamba nani bado anabeba kicheza muziki ilhali simu anayo. Wengi tu. Panda teksi ya Bombo kwenda Kampala uhesabu. Wimbo ulio kwenye kadi haukuli kifurushi, na sisi hapa Uganda tunajua bei ya kifurushi: kuanzia Julai 2018 tulilipishwa shilingi 200 kwa siku ili kufungua mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Betri ya simu nayo ina kazi zake, maana pesa zote ziko humo. Isitoshe, ukiwa na iPod ya zamani mkononi, ujue Apple ilitangaza Mei 2022 kwamba hata ile ya mwisho haitengenezwi tena. Hiyo uliyo nayo ikivunjika, itakubidi ukatafute nyingine ya mitumba.

Mizani yenyewe

Nitakipima kila kitambaa kwa mambo matano, kwa mpangilio uleule.

La kwanza ni kuanguka na mikwaruzo. Hapa vidude havifanani. iPod classic ina diski inayozunguka ndani, hivyo adui yake ni kishindo; na mgongo wake wa chuma kinachong'aa huchubuka hata kwa funguo. Zile iPod ndogo ziitwazo nano, na zile ziitwazo touch, hazina kitu kinachozunguka, lakini touch ina kioo. Vile viredio vya Kichina vyenye kadi na spika, ambavyo wazee hapa huvisikilizia Kurani asubuhi na kadongo kamu, ule muziki wa gitaa wa Kiganda, jioni, vina ganda la plastiki linalovumilia sana. Kinachoviua ni vumbi na jasho.

La pili basi ni vumbi na maji. Vumbi jekundu la barabara za maramu linaingia popote, na mvua ya Aprili haipigi hodi. La tatu ni ushonaji: unahitaji cherehani, au sindano ya mkono inatosha? La nne ni pesa. La tano ni matunzo, kwa sababu mfuko unashikwa na mikono iliyotoka kushika rolex, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai, yenye mafuta, na usipofulika utatupwa mapema.

Kitenge

*Kuanguka na mikwaruzo.* Kitenge peke yake ni shati. Kinazuia mikwaruzo, lakini kishindo kinapita kama hakuna kitu. Nguvu yake iko katikati: nje kitenge, ndani bitana laini, na baina yao kitu kinene. Hapo katikati nakuomba usiweke sponji ya godoro. Mfuko wangu wa kwanza niliujaza sponji, nao kwa mwaka wa kwanza ulikuwa raha tupu, laini kama mkate. Baadaye hedifoni zikaanza kukatakata sauti upande mmoja. Nikafikiri waya umekatika. Nilipochokonoa tundu kwa kijiti cha meno ikatoka unga wa manjano. Sponji ilikuwa imezeeka, imekuwa makombo, na makombo yamepenya kwenye mishono ya bitana hadi tunduni. Siku hizi naweka kipande cha blanketi kuukuu au flaneli mbili. Havina ulaini wa sponji, lakini havigeuki unga.

*Vumbi na maji.* Kwa vumbi kiko vizuri, maana nyuzi zake zimebanana. Kwa maji hakina ujanja. Tone likigusa limeingia. Kuna wanaotia karatasi ya nailoni ndani. Sipendi, kwa sababu nailoni inayozuia mvua kuingia inazuia na unyevu kutoka, na ukiutoa mfuko kwenye jasho la mchana utakuta kidude kimetota.

*Ushonaji.* Hiki ndicho kitambaa cha anayejifunza. Kinakunjika, kinakaa pale pasi ilipokiweka, hakitelezi. Cherehani ya kanyagio ikiwa na sindano namba 14 inatosha kwa tabaka zote, na mshono wa milimita 2.5 hukaa vizuri. Kwa mkono pia inawezekana, ukienda kwa mshono wa kurudi nyuma na si bandi tupu. Angalizo moja: michoro ya kitenge ni mikubwa na mfuko ni mdogo. Kata kipande cha karatasi chenye dirisha la ukubwa wa mfuko, ukitembeze juu ya kitambaa hadi upate sehemu inayopendeza. Nimeona mfuko wenye ndege asiye na kichwa, na mwenyewe aliugundua baada ya kushona.

*Pesa.* Dukani watakuuzia yadi 6 na wewe unahitaji kipande kisichozidi leso ya kufutia jasho. Usinunue. Nenda kwa fundi anayeshona magauni, uombe mabaki yaliyo chini ya meza. Wengi hukupa bure, au kwa bei ya soda.

*Matunzo.* Fua kitenge kabla ya kukata, kwa maji ya moto. Kina wanga wa kiwandani na kitanywea kidogo. Heri kinywee kikiwa bado kipande. Baada ya hapo kinafulika kama nguo yoyote, ila jua kali hupausha rangi, ukianike kivulini.

Kinamfaa anayebeba kidude mkobani, anayependa uzuri, na anayeshona kwa mara ya kwanza.

Jinzi ya mtumba

*Kuanguka na mikwaruzo.* Jinzi ni nene na ngumu, hivyo kona za kidude zinalindwa hata bila kujaza kitu katikati. Ila huo ugumu una pande mbili. Mshono wa ndani wa jinzi ni kama kamba, na ukikaa juu ya mgongo wa chuma ukiuchubua kila siku kidogokidogo, mwisho wa mwezi utaona mistari. Lazima bitana, na bitana nzuri kuliko zote ni fulana iliyochakaa. Toa pia zile njugu za shaba za pembeni mwa mifuko. Fundi mvivu huziacha kwa urembo.

*Vumbi na maji.* Vumbi halipiti. Manyunyu ya kutoka teksi hadi barazani inayavumilia, kwa kuwa inachukua muda kulowa. Ikishalowa lakini, haikauki upesi, na kidude hakitakiwi kukaa humo.

*Ushonaji.* Hapa ndipo watu wanapokwama. Tabaka mbili ni rahisi. Penye pindo na mshono wa zamani kukutana zinakuwa sita au nane, na sindano nyembamba inakatika kwa mlio wa risasi. Weka sindano namba 16, na ukifika pale penye donge acha kanyagio, zungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Kwa mkono ni adhabu. Niliwahi kushona mmoja kwa mkono wakati umeme umekatika na cherehani ya jirani ni ya umeme. Nilimaliza nikiwa na kidole gumba kilichovimba, na mshono umepinda.

Njia ya mkato ipo, na ni tamu. Mguu wa suruali ya mtoto tayari ni bomba. Ukipata wenye upana unaokaribia kidude chako, kata kipande, geuza, funga chini, na pindo la asili linakuwa mdomo wa mfuko. Mshono mmoja tu. Na ukiacha ule mfuko mdogo wa sarafu ulioko juu ya mfuko wa kulia wa suruali, ukaubandika mbele, una mahali pa kuweka hedifoni au kadi ya ziada.

*Pesa.* Owino, yaani Soko la Mtakatifu Balikuddembe, jinzi iliyotoboka magotini haina mnunuzi. Muuzaji wa mitumba atakuachia kwa hela ndogo, hasa jioni anapofunga. Ukiwa na yako ya zamani nyumbani, hugharimiki kitu.

*Matunzo.* Hii ndiyo inayofulika kuliko zote. Tatizo ni rangi. Jinzi mpya ya bluu ya giza huchujuka na kupaka kila kinachoigusa. Kidude cheupe kitageuka rangi ya samawati kwenye kingo. Isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa kabla hujakata. Ikiacha rangi, ifue tena mara kadhaa, au tafuta iliyokwisha pauka, ambayo hata hivyo ndiyo laini.

Inamfaa kijana wa boda, anayefanya kazi ya mikono, na yeyote ambaye kidude chake kinaishi mfuko mmoja na funguo.

Sufu ya sweta kuukuu

Hiki wengi hawakijui, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo zaidi. Sweta la sufu halisi ukilifua kwa maji ya moto, sabuni na kulisugua, linanywea na nyuzi zinang'ang'aniana hadi huoni tena vitanzi vya kufuma. Linakuwa kitambaa kizito, kimoja, ambacho ukikikata hakifumuki. Masweta yenyewe hayaadimiki katika mitumba, maana jua letu halimshawishi mtu wa Kampala kuyanunua. Wanaoyahitaji kweli ni watu wa Kabale na baridi yao.

Shida ni kujua lipi ni sufu, kwa kuwa lebo nyingi zimekatwa. Vuta uzi mmoja, ushike kwa koleo juu ya sahani, uuwashe. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi, ni plastiki, na hata ulichemshe hadi Idi halitanywea. Na ipo sufu iliyotiwa dawa kiwandani ili ifuliwe bila kunywea. Hiyo itakuhadaa kwenye moto na kukuangusha kwenye beseni.

Nilivyofanya na la mwisho: nililitia kwenye beseni la maji ya moto kiasi cha mkono kustahimili kwa shida, sabuni ya mche nikaikuna humo, nikalisugua kama anayefua sare ya mtoto aliyecheza mpira. Dakika kumi, hakuna kitu. Ishirini, bado ni sweta. Nikalitia ghafla katika maji ya kisima, nikalirudisha kwenye moto. Ikawa kama limeshtuka: mikono ilifupika mbele ya macho yangu, kitambaa kikawa kinene vidoleni. Nilianza na sweta la mtu mzima, nikatoka na la mtoto wa shule ya msingi.

*Kuanguka na mikwaruzo.* Kati ya vinne hivi, ndicho kinachopokea kishindo vizuri bila kuongezewa chochote. Hakina mshono mgumu ndani, hakihitaji bitana, na chuma king'aacho hukaa humo kama yai kwenye kiota.

*Vumbi na maji.* Matone madogo hubaki juu ukayapangusa. Vumbi ndilo linaloshikwa, na baada ya safari ya maramu mfuko wa kijivu unakuwa wa kahawia. Joto nalo ulifikirie: sufu inahifadhi joto, betri haipendi joto. Usikichaji kidude kikiwa humo, wala usiuache mfuko juani. Apple yenyewe husema iPod zitumike baina ya nyuzi 0 na 35.

*Ushonaji.* Sindano ya mkono, uzi mnene, basi. Hakuna pindo, hakuna kugeuza, hakuna pasi. Tundu la waya ni kukata tu kwa mkasi. Cherehani za zamani hukataa unene huu na kurukaruka mishono, kwa hiyo asiye na cherehani hapa ndiye mwenye bahati.

*Pesa.* Sweta moja hutoa mifuko minne au zaidi. Gharama ya kweli ni muda wako, kuni au mkaa wa kuchemshia maji, na hatari kwamba ulilolinunua si sufu.

*Matunzo.* Ufue kwa maji ya baridi bila kusugua, la sivyo utaendelea kunywea na siku moja kidude hakitaingia. Ukiuhifadhi kabatini muda mrefu, nondo watautoboa.

Inamfaa mwenye iPod classic, asiye na cherehani, na anayetembea mahali pa baridi au ndani ya ofisi.

Lubugo

Lubugo ni kitambaa cha gome la mutuba, ule mtini wa Buganda. Gome la ndani hubanduliwa wakati wa mvua, hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linatanuka na kulainika, na shina huvikwa majani ya mgomba ili litoe gome jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Rangi yake ya udongo uliochomwa haifanani na kitambaa chochote cha dukani, na wanaouza vitu vya sanaa wanaitumia kwa mikoba, kofia na pochi.

*Kuanguka na mikwaruzo.* Hulinda dhidi ya mikwaruzo vizuri. Kwa kishindo, kitie flaneli nyuma yake. Kinachohitaji uangalifu ni kwamba lubugo halikufumwa, hivyo halina nguvu sawa pande zote. Shika kipande uvute taratibu huku na huku, utahisi upande unaokataa na upande unaotaka kuchanika. Upande unaokataa ndio uende kwa urefu wa mfuko.

*Vumbi na maji.* Vumbi halionekani kwa sababu rangi zimekaribiana. Maji ni adui. Likilowa hulegea.

*Ushonaji.* Mishono mirefu, milimita 3.5 au 4. Ukishona mifupi sindano inatoboa matundu yaliyokaribiana na kitambaa kinachanika pale kama stempu. Usirudie mshono mara mbili. Bandika kwanza juu ya kitambaa cha pamba, kwa mfano marekani, ndipo ushone vyote pamoja.

*Pesa.* Kipande kizuri kina bei, na ni haki, maana ni kazi ya mikono siku nzima. Waulize wenye karakana za mikoba kama wana vipande vya pembeni.

*Matunzo.* Halifuliwi. Hupigwa brashi kavu, na doa likiingia limeingia.

Kuna jambo la mila pia. Lubugo huvaliwa katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, na ndilo linalofungia maiti. Nilipouweka mfuko wangu wa kwanza wa lubugo mezani, jirani yangu mmoja, bibi wa Kiganda, aliutazama, akaweka kikombe cha chai chini, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, umefiwa na nani?" Tulicheka baadaye. Lakini kama unamshonea mtu zawadi, mjue kwanza.

Linamfaa ambaye kidude chake hakitoki nyumbani au kinatoka siku maalumu, na anayetaka kumpelekea ndugu wa ng'ambo kitu chenye harufu ya nyumbani.

Kabla mkasi haujagusa kitambaa

Vipimo vinawachanganya watu kuliko kushona kwenyewe, kwa sababu wanapima uso wa kidude na kusahau unene wake. Hesabu ya mfuko wa vipande viwili ni hii: upana wa kila kipande ni upana wa kidude, jumlisha unene wake, jumlisha milimita 20 za mishono ya pande mbili, jumlisha milimita 4 za kupumua. iPod classic ya mwisho ina urefu wa milimita 103.5, upana 61.8, unene 10.5. Kwa hiyo upana wa kipande unatoka milimita 96 au 97. Urefu: 103.5 na 10.5, na 10 za mshono wa chini, na 20 za pindo la mdomo, jumla 144.

Hiyo ni kwa kitambaa chembamba. Ukiweka kitu kinene ndani, kila milimita 1 ya unene inadai karibu milimita 3 za upana kwa kila kipande. Blanketi la milimita 3 basi linakuongezea karibu sentimita nzima, na hapo ndipo mifuko mingi ya kitenge inapogoma kukipokea kidude chenyewe. Sufu inanyumbuka; toa zile 4 za kupumua. Ukiwa na shaka, shona kwanza mfano kwa marekani au shuka kuukuu, kidude kiingie na kutoka, ndipo ukate kitambaa cha kweli.

Tundu la hedifoni: angalia liko wapi. Kwenye classic liko juu. Kwenye touch ya miaka ya mwisho na nano ya mwisho liko chini. Njia rahisi ni kukiingiza kidude kwa namna ambayo upande wenye tundu unakuja mdomoni mwa mfuko, hata kama ni kichwa chini, na hutoboi kitu. Ukilazimika kutoboa, kitenge kipigwe mshono wa tundu la kifungo, jinzi ipelekwe kwa fundi viatu akuwekee jicho la chuma, na lubugo usilitoboe.

Kwa viredio vyenye spika, kitambaa chochote mbele ya spika kinafifisha sauti, na sufu kuliko vingine. Kata dirisha, ushonee kipande cha wavu wa gunia la vitunguu. Hakipendezi sana, lakini sauti inatoka.

Kifungio ni hiari yako, ila zipu ina meno. Ukiitumia, shonea ulimi wa kitambaa nyuma yake ili meno yasiguse kidude. Mimi hupendelea kitanzi cha lastiki na kifungo kimoja kikubwa, kwa kuwa naweza kukifungua kwa mkono mmoja huku nimeshika nauli kwa mwingine.

Kulingana na hali yako

Kidude kikilala mkobani kati ya daftari na kanga, na mkoba huo unatupwatupwa, angalia kama ni classic. Kama ndiyo, sufu, au kitenge chenye blanketi. Kama ni nano au kiredio, kitenge chepesi kinatosha.

Kikilala mfukoni mwa suruali ya mtu wa boda au wa karakana, jinzi iliyopauka yenye bitana ya fulana. Atakayekataa kushona bitana, achukue sufu na akubali kuifua taratibu.

Kikining'inia shingoni, mfikirie na mwizi. Teksi paki ya zamani si mahali pa kuonyesha rangi. Jinzi yenye kamba ndani ya shati haivutii jicho. Lakini jasho litaifikia, kwa hiyo ukifika nyumbani itoe, ianike.

Huna cherehani na fundi yuko mbali: sufu, na kama huipati, kitenge kwa mkono kwa jioni mbili. Jinzi subiri, labda upate mguu wa suruali ya mtoto.

Ni zawadi: kitenge kwa shangazi, kwa kuwa hakuna shangazi aliyewahi kukataa kitenge, lubugo kwa aliye ng'ambo, jinzi kwa mdogo wako, maana atauangusha mfuko siku ileile.

Na kwa kiredio cha mzee, ambacho hakitoki barazani isipokuwa kufuata kivuli, nilishona kitenge chenye dirisha la wavu wa vitunguu. Baba alikitia humo, akawasha, akasikiliza kidogo, kisha akakitoa na kukiweka juu ya mfuko kama juu ya mto. Hadi leo ndivyo anavyokitumia.